Kima Punju na Makaa ya Bibi

Udogoni kwangu, kusini ya Unguja, kima punju alikuwa mnyama wa kufukuzwa. Akionekana juu ya mnazi, watoto tulitumwa na makopo ya kugonga na mawe ya kurusha. Wazee waliamini kwamba mti anaoula sana hufa, na mbwa akila nyama yake hunyonyoka manyoya. Bibi yangu hakuwa na habari na hayo; kilichomuuma ni vidaka. Kila kidaka kilichong'olewa kwake kilikuwa nazi iliyopotea.

Wakati huo kima walikuwa wakikimbia. Wakituona tu, kundi zima lilitokomea msituni Jozani. Lakini msitu ulipungua, na pembeni mwake kulikuwa na miembe yetu na mikungu, miti ya kigeni yenye majani machanga matamu. Kidogo kidogo wakahamia mashambani. Majani hayo yana protini nyingi, ila yana pia fenoli, kemikali zinazovuruga usagaji wa chakula, na kima punju chakula chake kikubwa ni majani.

Dawa wakaipata kwetu. Niliwaona wakishuka penye tanuri lililokwisha kupakuliwa, wakiokota vipande vya makaa na kupanda navyo mtini kuvitafuna, midomo imekuwa myeusi. Walifika hadi kwenye meko ya Bibi uani. Katika miaka ya 1990 mtafiti Thomas Struhsaker na wenzake walieleza kwamba makaa hunasa fenoli zile tumboni, na kwamba watoto huelekea kujifunza jambo hili kwa mama zao. Sijui mnyama mwingine wa kwetu aliyenistaajabisha kiasi hicho.

Watafiti walipima minazi pia, wakaona kwamba kuliwa kwa vidaka hakukupunguza mavuno, kwani mnazi wenyewe huangusha vingi kabla havijakomaa. Bibi hakusadiki, na sikumlaumu: aliyeviona vimetapakaa chini ya minazi yake ni yeye.

Barabara ya lami nayo iliwaletea kima kifo cha kugongwa na magari, ndipo matuta yakawekwa pale Jozani kuwapunguzia madereva mwendo. Mwaka 2004 Jozani na Ghuba ya Chwaka zikawa hifadhi ya taifa, na sehemu ya fedha za wageni ikawa inafika vijijini. Mtoto wa leo anayerusha jiwe hukemewa na wazee walewale. Kima nao hawakimbii tena. Hukaa matawi ya chini huku watu wakiwapiga picha.

Waongoza wageni huwakataza watu kuwasogelea na kuwalisha, na wanafanya vyema. Natamani wangewaeleza na jambo jingine. Kima punju haishi kiasili popote duniani isipokuwa Unguja, na makaa yanayomtuliza tumbo hutokana na miti ileile anayoihitaji. Tunakata bado, na anayeipanda ni mmoja mmoja.