Taa 64 kwa Nyaya 3

Duka la mama mdogo, Muyinga, hutumia betri ya sola. Aliniomba ubao wa taa unaopitisha neno KARIBU, herufi moja moja, bila kummalizia betri. Niliuunda Gitega, ninakosoma. Ubao wa taa 64 una pini 16, lakini mikrokontrola huuendesha kwa nyaya 3 tu kupitia chipu mbili za 74HC595. Biti huingia moja moja, zikisukumana kama watu kwenye foleni. Waya wa tatu huzitoa zote pamoja. Chipu huvumilia miliampea 70 kwa jumla, hivyo kila taa naipa 8, na transista hubeba umeme wa safu. Safu huwaka kwa zamu, haraka; jicho huona herufi nzima, na kamwe haziwaki zaidi ya taa 8. Mama mdogo aliuliza jambo moja: “Itafika saa tatu usiku?” Inafika.