Ratiba ya Nani? Vidokezo vya Joto kutoka Minneapolis hadi Maskati

Minneapolis

Mtu aliyekulia pwani hana sababu ya kujua nyumba hupashwa joto namna gani. Minneapolis humfundisha kwa siku moja. Januari hapa hewa ya nje hukaa chini ya sifuri siku baada ya siku, na nyumba iliyozimwa tanuri usiku kucha inaweza kuamka na mabomba ya maji yaliyopasuka. Tanuri la gesi liko chini kabisa, kwenye besimenti. Feni husukuma hewa moto kupitia mifereji ya bati hadi kwenye matundu ya sakafuni, chumba kwa chumba. Kifaa kimoja tu, themostati iliyobandikwa ukutani kwenye korido, ndicho kinachoamua tanuri liwake au lizime. Hicho kikidanganyika, nyumba nzima imedanganyika.

Mji huu una haki ya kujivunia kifaa hicho. Hapa ndipo Albert Butz, mwaka 1885, alipobuni chombo cha kufungua na kufunga mlango wa hewa wa tanuri la makaa bila mtu kushuka chini kulichungulia. Kazi yake ilipita mikono kadhaa hadi ikaangukia kampuni iliyokuja kuitwa Honeywell. Jimbo jirani la Wisconsin nalo lina mtu wake: Warren Johnson, mwalimu wa chuo cha Whitewater, aliyepata hataza ya themostati ya umeme mwaka 1883. Inasimuliwa kwamba alichoka na mhudumu wa shule kuingia darasani kila mara kuuliza kama kuna baridi.

Kwa wenyeji wangu, familia ya Kikenya katika vitongoji vya kaskazini-magharibi, ukutani bado kulikuwa na ile ya duara ya Honeywell, T87, iliyotoka mwaka 1953 kwa usanifu wa Henry Dreyfuss. Ndani yake mna utepe wa metali mbili uliojiviringa. Joto likibadilika, utepe hujikunja au hujikunjua, ukainamisha kichupa cha kioo chenye tone la zebaki. Zebaki ikitiririkia upande wenye nyaya, umeme unapita na tanuri linawaka. Hakuna betri, hakuna skrini, hakuna cha kuharibika. Binafsi ningeiacha. Lakini dada mwenye nyumba alitaka yenye ratiba na waifai, na neno lake ndilo lililopita. Ile ya duara ikafungwa kwenye mfuko ipelekwe kituo cha taka za hatari, maana zebaki haitupwi pipani.

Shemeji yake ndiye aliyekuwa fundi, na zana zake zilikuwa bisibisi na simu. Alizima kwanza swichi iliyo ubavuni mwa tanuri. Akabandua kifuniko, akapiga picha nyaya zote kabla hajagusa hata moja. Ni nyaya nyembamba za volti 24, na kila moja ina herufi yake: R huleta umeme, W huwasha joto, Y huwasha ubaridi wa kiangazi, G huendesha feni, C hurudisha umeme ulikotoka. Herufi ndizo za kuaminiwa, si rangi, kwa sababu fundi aliyetangulia huenda alitumia waya wowote aliokuwa nao siku hiyo. Ya zebaki haikuwa na haja ya C. Mpya, yenye skrini inayowaka na redio isiyolala, inataka umeme usiku na mchana. Nyumba nyingi za zamani huishia hapo: C haipo. Hapa alivuta kebo kidogo kutoka ukutani akakuta waya wa buluu umekunjwa nyuma, mzima, haujawahi kutumika. Akashuka nao hadi kwenye bodi ya tanuri, akaufunga na huko pia.

"Angalia R isibusu C," aliniambia nilipokuwa nimemshikia tochi. Zikigusana, fyuzi ndogo ya bodini inakufa, na tanuri linakuwa bubu hadi mtu aende dukani. Ni fyuzi zilezile za plastiki zinazotumika kwenye magari, na alikuwa nayo ya akiba mfukoni. Kisha akafanya jambo ambalo wengi huliruka. Aliziba tundu ambamo nyaya zinatokea. Ndani ya ukuta mna hewa baridi. Ikikipulizia kihisi mgongoni, kitasema nyumba ni baridi ilhali watu sebuleni wanavua sweta.

Kufunga kulikwisha kabla chai haijapoa. Ratiba ilichukua wiki.

Vifaa vya aina hii hutoka kiwandani na siku iliyokwisha kugawanywa mafungu manne: kuamka, kuondoka, kurudi, kulala. Mgawanyo uliozoeleka Marekani ni huu: saa kumi na mbili asubuhi nyumba ipande hadi nyuzi 70 za Farenhaiti, yaani 21 za Selsiasi, saa mbili ishuke hadi 62, karibu 17, saa kumi na mbili jioni ipande tena, saa nne usiku ishuke. Anayeishi hivyo ni mtu wa ofisini asiye na mtoto mgonjwa, asiye na mama mzee chumbani na asiyejua zamu ya usiku. Dada huyu ni muuguzi msaidizi. Hurudi saa moja u nusu asubuhi na kupanda kitandani saa mbili, dakika ileile ambayo kifaa kimeambiwa hakuna mtu ndani.

Si yeye peke yake. Mpango wa serikali ya Marekani wa Energy Star uliacha kuzipa nembo yake themostati za ratiba mwishoni mwa 2009, kwa kuwa akiba iliyotarajiwa haikuwa ikionekana majumbani. Mashine hazikuwa na kasoro. Watu walikuwa wakibonyeza kitufe cha kushikilia joto moja, na ratiba ikabaki pambo.

Meza ya jikoni ikawa baraza. Mume anafanya kazi mchana, watoto hurudi alasiri, dada hulala asubuhi na hupenda chumba chenye ubaridi kidogo akiwa chini ya blanketi. Tukagundua kwamba nyumba hii haiwi tupu kamwe siku za kazi. Saa pekee za kushusha joto ni za usiku, yeye akiwa kazini na wengine wamelala. Hazikuwa chache: Wizara ya Nishati ya Marekani husema kushusha nyuzi 7 hadi 10 za Farenhaiti kwa saa nane kila siku huweza kuokoa hadi asilimia 10 ya gharama kwa mwaka. Mume alibisha, kama waume wengi wanavyobisha: si tanuri litakula akiba yote asubuhi likipandisha tena? Halili. Joto hutoroka kwa kadiri ya tofauti kati ya ndani na nje. Nyumba iliyopoa hupoteza kidogo kwa muda wote ilipokuwa imepoa, na hicho hakirudishwi. Alikubali kwa sharti kwamba saa kumi na moja u nusu tanuri lianze, ili akanyage sakafu iliyokwisha kupata uhai.

Leicester

Hapa joto halipulizwi. Boila ya gesi, ndogo kama kabati la vyombo, imeangikwa jikoni. Hupasha moto maji yanayozunguka ndani ya rejeta za ukutani na papo hapo hutoa maji ya moto ya bombani. Mwenyeji wangu ni mzee mzaliwa wa Jinja, mmoja wa Wahindi wa Uganda waliofukuzwa na Idi Amin mwaka 1972 na kuja kuubadili mji huu. Kiswahili chake ni cha dukani, kikavu na chenye kasi, na bado humwita fundi wa Kiingereza "bwana fundi" asipomsikia.

Tangu Aprili 2018, England inataka kila boila mpya iwe na kidhibiti cha saa na cha joto. Kwa hiyo alipobadilisha boila, themostati isiyo na waya ilikuja pamoja nayo. Tofauti na Minneapolis ni kubwa. Kifaa kiko vipande viwili: kipokezi kilichofungwa karibu na boila, na themostati ya betri ambayo haina waya hata mmoja. Kipokezi hufungwa kwenye umeme wa nyumba, volti 230, unaoua. Na kifuniko cha boila ya gesi hufunguliwa na fundi aliyesajiliwa tu. Shemeji wa Minneapolis na bisibisi yake wangebaki mlangoni.

Fundi alitoa kipande cha waya kilichokuwa kikiziunganisha ncha mbili ndani ya boila, ambacho maana yake ni "waka wakati wowote", akapitisha ncha hizo kwenye swichi ya kipokezi. Halafu vipande viwili vikatambulishwa: unabonyeza kitufe cha kipokezi hadi taa ipepese, unabonyeza cha themostati, taa inatulia. Basi. Vinazungumza kwa masafa ya megahezi 868, yanayopenya matofali bila taabu, lakini friji au kioo kikubwa kikikaa katikati huyakorofisha.

Uhuru huo wa kutokuwa na waya ndio ulioleta vita vya nyumba hii. Themostati ina kisimamio, na chenye kisimamio hubebeka. Mzee huiweka mezani karibu na kiti chake, kando ya televisheni na birika, ambako ni joto. Inasoma 21, boila inazima, na mkewe aliye ghorofani anaganda. Bibi naye, mzee akisinzia, huishusha na kuiweka kwenye dirisha la ngazi ambako upepo unapenya. Inasoma 16, boila inaunguruma jioni nzima. Niliwashuhudia kwa macho yangu, na hakuna aliyemtajia mwenzake neno. Wote wawili wanajua ratiba ilivyo, wala hawaigusi. Wanahamisha kihisi.

Fundi alikuwa amewaeleza ukweli wote: ukuta wa ndani, kimo cha kama mita moja na nusu, mbali na jua na mbali na mlango wa nje. Tena, rejeta ya chumba chenye themostati isiwe na vali yake ya kujipima, kwa maana vali ikifunga kwenye 19 wakati themostati inangoja 21, boila haitapumzika. Shirika la Afya Duniani linashauri nyuzi 18 kwa nyumba za nchi za baridi, na zaidi kidogo kwa wazee na watoto. Nilipotaja namba hiyo, mzee alisema hakutoka Jinja kuja kukaa kwenye 18.

Hamburg

Kijana wa Kitanzania aliyenipokea hana tanuri wala boila. Maji ya moto huingia katika jengo lake kupitia mtandao wa mji, na yeye ana rejeta tu, kila moja na kirungu chake chenye namba 1 hadi 5. Tatu ni kama nyuzi 20, na kila namba ni kama nyuzi 4 juu au chini. Kirungu kina nta au gesi inayotanuka na kukisukuma kipini cha vali. Mads Clausen wa Danfoss, Denmark, ndiye aliyekibuni mwaka 1943. Kwa hiyo hapa hakuna mfalme mmoja wa nyumba. Kila chumba kinajitawala.

Yeye alibadilisha virungu vyote kwa vya betri vinavyozungumza na simu. Kati ya usakinishaji wote niliouona, huu ndio mwepesi kuliko wote: unafungua hadi 5, unalegeza pete kwa mkono, unatoa cha zamani, unakaza kipya. Maji hayamwagiki, kwa sababu vali yenyewe haijaguswa. Vya zamani vimo kwenye boksi chini ya kitanda, kwa kuwa ni mpangaji, na siku ya kuhama atavirudisha.

Ujerumani gharama ya joto la jengo hugawanywa kwa wapangaji, na sehemu kati ya asilimia 50 na 70 hufuata matumizi ya kila mmoja. Ndiyo sababu anaijua ratiba yake kwa moyo. Bafu hupanda nusu saa kabla ya kuoga. Chumba cha kulala hakipandi kabisa. Akifungua dirisha ili kubadilisha hewa, jambo ambalo Wajerumani hulifanya hata theluji ikianguka, kirungu huhisi baridi iliyoingia ghafla na hujifunga chenyewe kwa muda. Usiku, injini ndogo ndani yake hulia kama panya anayetafuna. Hilo halikuandikwa kwenye boksi.

Maskati

Huku mambo yamegeuka chini juu. Themostati ipo, lakini kazi yake ni kufukuza joto, na imejificha ndani ya kiyoyozi cha kila chumba. Bibi aliyenikaribisha, mzaliwa wa Unguja, ana rimoti nyingi kwenye kikapu kimoja na hawezi kuzitofautisha. Mjukuu wake aliweka chumbani kijisanduku chenye waifai ambacho kimefundishwa mwanga wa rimoti. Simu inakiambia, nacho kinakiambia kiyoyozi. Hakuna waya, hakuna bisibisi. Kinachotakiwa ni kikae mahali kinapokiona kiyoyozi, maana mwanga huo haupiti ukuta.

Barazani ratiba ilikataliwa. Wageni hawaji kwa ratiba. Chumbani kwa bibi ilikubaliwa moja tu: alale kwenye 23, lakini kabla ya alfajiri ipande hadi 27, kwa sababu magoti humuuma akitawadha huku mwili umeganda. Mjukuu aliandika saa akadhani kazi imekwisha. Lakini kati ya Juni na mwisho wa Septemba alfajiri ya Maskati husogea kwa zaidi ya nusu saa, na programu ile inajua Jumatatu na Ijumaa tu. Kwa hiyo kila baada ya wiki chache bibi humpigia simu: "Mwanangu, adhana imenikuta na baridi." Naye, popote alipo, husogeza dakika.