Mishale miwili iliyolala siku moja

Baba mmoja wa Lusewa, wilayani Namtumbo, ana gari aina ya Land Rover Series III aliloachiwa na marehemu baba yake. Ndilo hubeba mahindi wakati wa mavuno, na usiku hubeba wagonjwa wa majirani.

Mwezi wa sita, mshale wa mafuta na wa joto la injini ililala siku moja. Fundi akamuuzia sensa mpya ya joto. Pesa ikaenda, mshale haukuinuka. Baba akaamua kuendesha hivyo hivyo: mafuta anapima kwa kijiti, joto anasikiliza injini.

Jumamosi jioni alikuwa akiandaa gari. Jumatatu alfajiri alitakiwa kumpeleka mama yake mzazi kliniki, Songea. Binti yake wa kidato cha tatu akauliza, "Baba, mshale wa mwendo unafanya kazi?"

"Unafanya."

"Na hii miwili ilikufa pamoja?"

"Nenda kamsaidie mama yako."

Mama alisikia. Usiku akamwambia, "Baba watoto, tunamsomesha ili iweje, kama akiuliza anafukuzwa?"

Asubuhi baba alimwita mtoto. Binti akaeleza taratibu: mshale wa mwendo huzungushwa na kebo inayotoka kwenye giaboksi, hauhitaji umeme. Hiyo miwili inatumia umeme, na vitu viwili vikifa siku moja, kitafutwe wanachochangia.

Fyuzi ilikuwa nzima. Wakafungua dashibodi. Nyuma yake kuna kikopo kidogo kinachopunguza umeme wa betri hadi volti 10 hivi, kisha kinaugawia mishale yote miwili. Kwa taa ndogo ya kupimia, waya unaoingia ulikuwa na umeme, lakini upande wa kutokea taa haikuwaka. Kichwa cha waya kilikuwa kimelegea na kushika kutu ya kijani. Wakachomoa betri, wakakisugua kwa msasa, wakakibana na kurudisha.

Injini ikawashwa. Mishale ikapanda polepole, kama ilivyo kawaida ya mishale ya magari hayo. Wa mafuta ukatulia nusu. Wa joto haukutulia; ulizidi kupanda mpaka karibu na alama nyekundu.

"Zima, Baba!"

Walisubiri injini ipoe kabisa ndipo wakafungua mfuniko wa rejeta. Maji yalikuwa yamepungua sana. Mpira wa chini ulikuwa na ufa. Masikio ya baba hayakuwa yamesikia lolote. Njia ya Songea na bibi ndani, injini ingeungua porini.

Jioni ile mpira mpya ulifungwa. Baba hakusema samahani. Wanaume wengi wa umri wake hawakufundishwa neno hilo kwa watoto. Ila Jumatatu alfajiri, bibi akiwa ameshaketi, hakuwasha gari kwanza. Alimgongea binti mlango.

"Mwanangu, amka. Njoo unisomee mishale kabla hatujatoka."