Damu ya Baba na Mama

Mtaani kwetu Murara, Goma, nimeona mama akirudishwa kwao kwa kuwa mtoto wake ana SS, ule ugonjwa wa damu uletao macho ya manjano na maumivu makali ya mifupa. Eti ukoo wake umerogwa! Na baba je? Mtoto huurithi kwa wazazi wote wawili. Wao huwa wazima, lakini kila mimba ina hatari moja katika nne. Daktari James Herrick wa Chicago alieleza mwaka 1910 chembe za damu zilizopindika kama mundu. Ndizo zizibazo mishipa midogo. Nasi bado twatafuta mchawi. Wachumba na wapimwe mapema. Mtoto mgonjwa anywe maji mengi, avae nguo nzito, maana baridi ya usiku huamsha maumivu. Akipata homa, apelekwe hospitali siku ile ile.