Mguu kwa Mguu hadi Kwihara



Wenzetu wa Kibosho wakitaka kutembea wana Kilimanjaro mgongoni, na wa Njombe wana maua ya Kitulo. Sisi wa Tabora tuna vilima vya mawe, miombo na mbuga, na Januari, mvua ikishakolea, hatumwonei mtu wivu. Jumamosi hiyo tulikuwa kumi na wanane: mafrateri wanne tulio likizo, vijana wa parokia, akina mama wawili wa WAWATA, na mzee mstaafu wa reli aliyetuongoza. Tulitoka Chemchem baada ya Misa ya asubuhi.

Nyumba ziliisha, mahindi yakatupokea, kisha miti: mitundu, mininga, na juu yake mizinga ya magome. Mzee akatunyamazisha. Nyuki hawapendi kelele wala manukato, na kijana mmoja alikuwa amejipulizia kama anayekwenda harusini. Tukamweka nyuma kabisa. Mbugani majani yalifika kiunoni, yamejaa maua madogo ya njano na ya zambarau. Sisi tunaosoma falsafa hatukujua hata jina la ua moja. Akina mama waliyataja yote kwa Kinyamwezi.

Tulipumzika chini ya miembe. Watu husema imeota kutokana na kokwa zilizotupwa na misafara. Tukiwa tunakula maembe, mama mmoja akasema, "Babu wa babu yangu alipita njia hii. Jina lake tunalo. Ila nyumbani hawasemi kama alikuwa mpagazi au mtumwa. Mafrateri, nimwombeeje?"

Swali si dogo. Wanyamwezi wengi walikuwa wapagazi huru, wa ujira, na kufika pwani kulikuwa fahari ya kijana. Walibeba kama frasila mbili, zaidi ya kilo 30, mwendo wa miezi mitatu hivi hadi Bagamoyo. Lakini njia hiyohiyo ilipitisha watu waliofungwa minyororo, na wenyeji nao walikuwamo katika biashara hiyo.

Frateri mmoja alisema Mungu anamjua, inatosha. Mwingine akakataa: aliyeuzwa tunamwombea haki, aliyeuza tunamwombea huruma, hatuwezi kuchanganya. Wakabishana vizuri tu, kwa hoja za darasani. Mama aliwasikiliza hadi mwisho.

"Na kama alikuwa vyote viwili?"

Hakuna aliyejibu. Tukanyanyuka.

Kwihara tulilikuta tembe alilokaa Livingstone mwaka 1872, akisubiri wapagazi kutoka pwani. Bila wao hakuweza kwenda popote. Waliofika akaondoka nao Agosti 25. Mwaka uliofuata alifariki, na Susi na Chuma wakaurudisha mwili wake kupitia hapahapa Tabora. Hao wawili tunawajua. Msafara ulikuwa na watu wengi kuliko wawili.

Tulisali kumi moja ya rozari nje ya tembe. Mwishoni mzee akamgeukia mama, akamwambia amtaje. Akalitaja jina la babu yake kwa sauti, mara moja, nasi tukaitikia sala ya marehemu, bila kuongeza alikuwa nani.

Wakati wa kurudi alibeba ndoo ya maembe kichwani. Tulimwomba tumpokee, vijana wakamwomba pia. Akakataa, akatutangulia.