Leso, Bangili na Mkono wa Mtoto: Safari ya Kitale na Bungoma



Likizo ya Agosti ilitukuta safarini. Tuliondoka Mombasa kwa gari la moshi la asubuhi, tukapanda basi Nairobi, na usiku ukatupitisha Nakuru na Eldoret. Kulipopambazuka tulikuwa Kitale, tumejitanda leso juu ya mabuibui, maana mji huo uko karibu mita 1,900 juu ya usawa wa bahari na baridi yake haimhurumii mtu wa pwani. Magharibi umesimama Mlima Elgon, mashariki milima ya Cherangani, na baina yake ni mahindi yaliyotupita kimo, mashamba kwa mashamba.

Tulikwenda kumzuru dada yetu aliyeolewa huko. Nia yetu ilikuwa kuwaletea habari za makumbusho ya Kitale na za kinamasi cha Saiwa, hifadhi ndogo ya taifa wanamoishi nzohe, paa wapendao maji. Lakini mkono wa mtoto mmoja ulitubadilishia safari, na tumeona ni amana kuwasimulia.

Dada yetu ni karani katika duka la mbegu. Sheria ya Ajira ya mwaka 2007 humpa mama aliyeajiriwa miezi 3 ya likizo ya uzazi yenye mshahara. Mwezi wa nne huja na swali lake: mtoto abaki na nani? Muuza mboga sokoni hana hata miezi hiyo. Ndiyo maana Kitale, kama ilivyo Mombasa na Malindi, vyumba vya kulelea watoto vimejaa vichochoroni. Wenyeji huviita deikea. Mama hupita alfajiri, hukabidhi mtoto, chupa ya uji na nguo za kubadilisha, kisha hukimbilia riziki.

Siku yetu ya tatu, alasiri, mvua ya mawe iliushukia mji kwa ghafla. Mabati yalinguruma hata hatukusikizana. Jioni dada alirudi na binti yake wa miaka 3 mgongoni. Mtoto hakuwa akilia. Aliketi mkekani kimya, mkono wa kushoto ameubana kifuani, na alipopewa kikombe cha maziwa alinyosha mkono wa kulia peke yake. Mlezi wake alikuwa amesema, "Hakuna neno, mama, ana usingizi tu."

Nyanya yake alikwisha kupasha mafuta ya simsim. Nasi, tuseme kweli, tulikuwa upande wake. Ndivyo tulivyolelewa: mtoto akianguka hukandwa. Ni dada aliyekataa. "Mama, niwie radhi," alimwambia mkwewe kwa adabu, "leo tusimguse mpaka daktari amwone." Alizivua bangili za mtoto taratibu kabla mkono haujafura zaidi, akautegemeza kwa leso iliyofungwa shingoni, tukatoka matopeni kutafuta gari.

Eksirei ilionyesha ufa juu kidogo ya kiko. Alhamdulillahi, mfupa haukuwa umehama mahali pake, na plasta ngumu ilitosha bila upasuaji. Daktari alitueleza kwamba mbele ya kiko hupita mshipa mkuu wa damu pamoja na mishipa ya fahamu inayoendesha vidole. Mfupa wenye ufa ukikandwa kwa nguvu, waweza kuhama na kuidhuru mishipa hiyo. Nyanya alisikiliza, kisha akasema polepole, "Basi mikono yangu ingemponza." Hakuna aliyemlaumu, mikono hiyo imelea watoto wengi.

Asubuhi yake mlezi alifika nyumbani, macho mekundu kwa kukosa usingizi. Mvua ya mawe ilipoanza, watoto walikimbilia dirishani kuitazama. Binti yetu alipanda kiti cha plastiki, kiti kikateleza, naye akaangukia kiganja cha mkono ulionyoshwa. Kiti chenyewe hakikupita goti la mtu mzima. Mlezi alikuwa peke yake na watoto wengi, mmoja akimlisha. "Niliogopa, mama. Nilijua mkijua mtawaondoa watoto, nami nina wangu wa kulisha."

Dada alinyamaza kwa muda. Kisha akamjibu, "Mwalimu, kuanguka ningekusamehe hapo hapo. Kunyamaza ndiko kulikotaka kumgharimu mtoto mkono." Maneno hayo tuliondoka nayo.

Siku ya tano tulishuka kwa matatu kuelekea Bungoma. Njia hupita Kiminini na Kamukuywa, huteremka hadi Webuye penye maporomoko ya Mto Nzoia, kisha hugeukia magharibi kando ya mashamba ya miwa hadi Kanduyi na mji wenyewe. Baridi hupungua kadiri unavyoshuka. Mgeni wa pwani hajioni mkiwa huko: kusini ni Mumias, ambako misafara ya Waswahili ilipiga kambi karne ya 19, na Uislamu ukapata wenyeji katika magharibi ya Kenya.

Mwenyeji wetu wa Bungoma ni rafiki wa familia, muuguzi mstaafu aliyehudumu miaka mingi katika wodi za watoto. Tulipomsimulia ya Kitale hakushangaa. Alituketisha barazani, akatufundisha kwa kijiti kibichi na kijiti kikavu. Kikavu alikikunja, kikakatika. Kibichi kilipinda, kikapasuka upande mmoja tu. "Huu ndio mfupa wa mtoto," alisema. Mara nyingi haukatiki vipande viwili. Hupinda, hujikunja kama bati lililogongwa, au hupata ufa mwembamba. Kwa hiyo mkono waweza kuonekana umenyooka ilhali umevunjika, na mtoto aweza kutembeza vidole vyake na watu wakasema hana kitu.

Akatuhesabia namna za kila siku. Mtoto huangukia kiganja, na mfupa huumia karibu na kifundo cha mkono au juu ya kiko. Huangukia bega, na mtulinga hupasuka. Mtoto anayeanza kutembea huuzungusha mguu akikimbia, akajikwaa kwenye ukingo wa mkeka, na muundi hupata ufa. Dalili pekee huwa ni kukataa kuukanyagia mguu ule. Tena iko namna inayotokana na mapenzi: mtu mzima humpakata mtoto na kuteleza naye kwenye bembea ya kuteleza, kiatu cha mtoto hunasa ukingoni, uzito wa mkubwa huendelea kushuka, na mguu mdogo husokotwa. Mtoto aliye peke yake angesimama tu pale mguu uliponasa. Asiyeweza kuteleza mwenyewe angoje akue.

Iko pia ajali isiyo ya kuvunjika. Mtoto wa chini ya miaka 5 akivutwa ghafla kwa mkono mmoja, au akainuliwa kwa kifundo ili avuke dimbwi, kiko huteguka kidogo na mkono hulegea ubavuni. Mhudumu wa afya hukirudisha kwa muda mfupi. Sisi tusijaribu nyumbani, kwani hatujui kama ni kuteguka au ni kuvunjika. Mtoto huinuliwa kwa kushikwa chini ya makwapa.

Kisha sauti yake ikashuka. Mtoto mchanga ambaye hajaanza kutambaa wala kutembea hajivunji mfupa wa paja kwa kucheza. Akiwa na mvunjiko kama huo, wakubwa wana wajibu wa kuuliza kwa upole na bila kuchoka ni nini kilichotokea, na daktari naye ataangalia kama mifupa ina udhaifu. Kumnyamazia huyo kwa kuficha aibu ni kumsaliti asiyeweza kusema.

Tulimuuliza kuhusu waunga mifupa wa kienyeji, kwani pande hizo wapo kama walivyo kwetu. Hakuwadharau. Alisema wengi wana subira na maneno mema, nao wako karibu kuliko hospitali. Alilolihofia ni banzi lililokazwa sana. Mkono hufura ndani ya kamba, damu haipiti, na nyama hufa wakati watu wanamwambia mtoto avumilie. Vidole vikiwa baridi, vikibadilika rangi, vikifa ganzi, au mtoto akilia mno vidole vikinyoshwa, kamba ifunguliwe mara moja na mtoto apelekwe hospitali usiku huo huo. Hata plasta ya hospitali yaweza kukaza, na dalili ni hizo hizo.

Jioni alitupeleka kwa jirani yake anayelea watoto nyuma ya nyumba. Chumba kilikuwa kidogo na cha udongo uliokandikwa vizuri. Viti vilikuwa vimetolewa nje. Hakuna kilichowekwa karibu na dirisha, mikeka ilitandikwa hadi ukutani ili ukingo usimkwaze mtu, na mlangoni palikuwa na gunia la kufutia matope. Wanaotambaa walitengwa na wanaokimbia kwa ubao wa chini. Ukutani palitundikwa daftari la kurasa 48. Kila aliyeanguka huandikwa: saa ngapi, kutoka wapi, aliangukia nini, alilia au hakulia. Mama hulisoma kabla ya kumbeba mwanawe. Jirani yule alituambia kwamba siku za mwanzo aliogopa daftari lingewafukuza wateja. Lakini akina mama waliposoma maanguko madogo yaliyoandikwa kwa ukweli, walimwamini zaidi.

Wasomaji wetu, Katiba ya mwaka 2010, katika Jedwali la Nne, imezikabidhi serikali za kaunti elimu ya chekechea na vituo vya kulelea watoto. Basi si utovu wa adabu mzazi kuuliza, kituoni na katika ofisi za kaunti, walezi ni wangapi na watoto ni wangapi. Wala si haki kudai ulinzi wa watoto wengi kutoka kwa mtu mmoja mwenye ujira mdogo, kisha tukamtupia lawama zote.

Tumerudi Mombasa, ambako hatari zina sura nyingine: ngazi za ghorofa, ukuta wa baraza, sakafu ya marumaru yenye maji. Mifupa ni ile ile. Mtoto akianguka na kuukataa mkono au mguu, tuvue bangili na pete, tuuegemeze mkono kwa leso bila kuunyosha, tusimkande, tusimlishe mpaka daktari amwone, kwani huenda akahitaji kulazwa usingizi kwa matibabu. Kabla ya ajali, tuwape jua la asubuhi, maziwa, na dagaa wanaotafunwa na miiba yake. Na kila jioni, tunapompokea mtoto, tumuulize mlezi kwa uso mkunjufu: "Leo ameangukia wapi?" Swali hilo humfungulia mlango wa kusema kweli. Kumtegemea Mwenyezi Mungu hakutuzuii kukiondoa kiti dirishani.

Wiki 3 baada ya safari dada alitupigia simu. Plasta imetolewa, na binti anachota uji kwa mikono miwili. Mlezi bado ni yule yule. Sasa yuko na msaidizi, na ukutani pametundikwa daftari. Nyanya ndiye aliyelinunua.

Mola awahifadhi watoto wetu, awape walezi wao nguvu na riziki ya halali. Amin.