Ua Usiohitaji Jembe

Ndugu msomaji, wewe uishiye mjini umezoea ua wa matofali au wa seng'enge, na wote huanza kwa kuchimba. Hapa Ihumwa, mashariki ya Dodoma, mwezi wa Septemba ardhi huwa ngumu kama sakafu. Jembe hudunda, nawe hubaki na mikono inayouma. Lakini mbuzi hawangoji mvua. Wakiona pengo huingia na kumaliza mchicha.

Wagogo wana dawa ya tangu zamani. Hukata matawi ya migunga na kuyalaza juu ya ardhi, mashina yakielekea ndani na miiba nje. Pengo likitokea, tawi jingine hushindiliwa, na kazi imekwisha. Ubaya wake ni kwamba mchwa huyala, na kila mwaka hukatwa mengine. Nchi yetu hii kavu haiwezi kukatwa bila kikomo. Huko Kondoa, mmomonyoko ulizidi hata ukaanzishwa mradi wa Hifadhi Ardhi Dodoma mwaka 1973, na mwaka 1979 mifugo ikaondolewa katika maeneo yaliyoharibika zaidi ili mimea ipate kuota tena.

Kwa sababu hiyo nilichagua minyaa. Hukatwa vijiti vyenye urefu wa mkono, vikalazwa kivulini siku chache mpaka jeraha likauke. Mvua za Desemba zikilainisha udongo, hutoboa kwa mti uliochongwa, nikachomeka kijiti shubiri moja na kushindilia kwa kisigino. Mbuzi hawaugusi. Ukipata pengo, ua wenyewe hutoa kiraka chake.

Hata hivyo, mke wangu hakuridhika. Alisema, "Baba Neema, mchicha ukiliwa tutapanda mwingine. Jicho la mtoto tutalipanda wapi?" Alisema kweli. Maziwa ya mnyaa huunguza vikali, na yakiingia jichoni yaweza kumnyima mtu nuru. Tukapatana: upande wanaochezea watoto minyaa isipandwe, bali fito zifungwe kwa kamba kwenye miti iliyokwisha kuota pale. Kukata ni kazi ya mtu mzima, watoto wakiwa shuleni, na ndoo ya maji safi iwe karibu. Maziwa yakimrukia mtu jichoni, asilifikiche. Alioshe kwa maji mengi, kisha aende hospitali.

Tangu mwaka 2019, Serikali ilipohamishia ofisi zake Mtumba, jirani yetu, wageni wengi wamejenga huku. Ewe mgeni, kabla hujang'oa ua uliokukuta kiwanjani, muulize jirani aliyeupanda. Huenda ndio mpaka wenu, na huenda ndio uzuiao upepo na vumbi. Lakini ukiwa na watoto wadogo, anza kwa kuwaonyesha mti huo na kuwaambia hatari yake. Ua hulinda nyumba, na wenye nyumba nao hulindana.